Aliyeshindwa Kusema "Mimi ni Kiziwi": Uchambuzi wa Kisa cha Beethoven

Mnamo Machi 1827, siku chache baada ya mtunzi wa muziki Ludwig van Beethoven kufariki mjini Vienna, marafiki waliokuwa wakipekua karatasi zake walikuta barua ndefu ambayo haikuwahi kutumwa. Ilikuwa na tarehe ya 6 Oktoba 1802, na nyongeza fupi ya 10 Oktoba mwaka huohuo. Iliandikiwa ndugu zake wawili, Carl na Johann, ijapokuwa kila mahali jina la Johann lilipotakiwa kuandikwa pameachwa nafasi tupu. Kwa karibu miaka 25 mtunzi huyo alikuwa ameitunza barua hiyo na kuhama nayo nyumba hadi nyumba, na alihama mara nyingi sana.

Barua hiyo, ambayo imezoeleka kuitwa wasia wa Heiligenstadt kwa jina la kijiji alikoiandikia, kwa kawaida husomwa kama ushahidi wa msanii aliyeishinda dhiki. Nami niliisoma hivyo kwa muda mrefu. Lakini ukiiweka kando ya barua za mwaka uliotangulia, na kando ya alichokifanya baadaye, linajitokeza jambo jingine ambalo lina manufaa zaidi kwa mtu aliyefikwa na matatizo. Beethoven alikuwa na mizigo miwili, na uziwi ulikuwa mmoja tu kati ya hiyo. Wa pili ulikuwa kuuficha uziwi huo, na mzigo huu ndio uliokaribia kumwua.

Tuanze na hali yake kabla ya maradhi. Alizaliwa Bonn na kubatizwa tarehe 17 Desemba 1770, katika nyumba ambayo baba alikuwa mlevi. Mama yake alifariki mwaka 1787, na miaka miwili baadaye kijana huyo aliomba rasmi kwamba nusu ya mshahara wa baba yake alipwe yeye ili awatunze wadogo zake. Kwa hiyo hakuwa mgeni wa shida. Alikuwa mkuu wa kaya kabla hajatimiza miaka 20. Mwishoni mwa mwaka 1792 alihamia Vienna, akasoma kwa Joseph Haydn, na katika muda mfupi akajulikana kama mpiga piano asiye na mfano, hasa kwa uwezo wake wa kubuni muziki papo hapo mbele ya watu. Riziki yake ilitoka katika kumbi na sebule za wakubwa, na huko mtu hualikwa, huzungumza, husikilizwa na husikiliza.

Tarehe 29 Juni 1801 alimwandikia Franz Wegeler, daktari na rafiki yake wa tangu Bonn. Anasema kwamba kwa miaka mitatu kusikia kwake kumekuwa kukififia, na kwamba masikio yanamvuma na kumlia mchana na usiku. Maelezo yake ni ya mtu aliyejichunguza kwa makini. Katika ukumbi wa maigizo hulazimika kusogea karibu kabisa na wapiga ala ili amwelewe mwigizaji, na akikaa mbali kidogo, sauti za juu za ala na za waimbaji hazimfikii. Mtu akizungumza kwa sauti ya chini, yeye husikia mlio lakini hayapati maneno, na hapohapo mtu akipaza sauti, hawezi kuvumilia. Anataja pia tiba alizopewa: mafuta ya lozi masikioni, maji ya kuoga ya baridi, kisha ya uvuguvugu kutoka mto Danube. Hakuna iliyofaa masikio.

Katikati ya barua hiyo pana sentensi inayobeba kisa chote. Anasema kwamba kwa karibu miaka miwili amejiepusha na kila mkusanyiko kwa sababu hawezi kuwaambia watu kuwa yeye ni kiziwi. Anaongeza kwamba kama angekuwa na kazi nyingine yoyote ingekuwa nafuu, lakini kwa kazi yake hali hii ni ya kutisha, na maadui zake, ambao si wachache, wangesemaje? Kisha anamwomba Wegeler asimwambie mtu yeyote. Siku mbili baadaye alimwandikia rafiki mwingine, Karl Amenda, na huyo naye akaombwa aifanye siri kubwa.

Hapa wahenga wetu wana neno: mficha maradhi, kilio humfichua. Kwa kawaida methali hii husemwa kumwonya mgonjwa asiyekwenda kutafuta dawa, lakini Beethoven aliwaendea madaktari mmoja baada ya mwingine. Aliwaficha wale aliokula, kuzungumza na kufanya kazi pamoja nao. Matokeo yake yalikuwa mabaya kwa namna ambayo hakuikadiria. Mtu asiyesikia swali na asiyetaka kukiri kwamba hakulisikia ana njia chache za kujinasua: anyamaze, ajifanye amezama katika mawazo, akasirike au aondoke. Beethoven alizitumia zote. Watu wa Vienna, ambao hawakuwa na sababu ya kujua ukweli, walihitimisha kuwa ni mtu wa kiburi, mkaidi na mwenye kuwachukia wenzake. Hawakuwa wakimwonea, maana walihukumu kile walichoonyeshwa.

Kwa hiyo alikuwa akipoteza vitu viwili kwa wakati mmoja. Usikivu ulikuwa ukitoweka kwa kasi ambayo hakuwa na uwezo wa kuizuia, na pamoja nao alikuwa akipoteza watu, ingawa hao aliwafukuza kwa mikono yake mwenyewe ili kuilinda siri. Ukitenganisha hasara hizo mbili, hesabu ya mateso yake inabadilika.

Katika barua hiyohiyo ya Juni anataja kwamba mwandishi wa kale wa Kigiriki, Plutarch, amemfundisha kuridhia, na mwishoni analirudia neno hilo kwa uchungu: kuridhia ni kimbilio duni, lakini ndilo pekee lililobaki. Kiswahili kinatusaidia kuona ni wapi alipokwama, kwa kuwa kina maneno kadhaa pale ambapo lugha nyingine huchanganya. Anayevumilia hubeba mzigo huku akisubiri utuliwe. Anayekata tamaa huutupa mzigo pamoja na safari. Anayekubali hukiri kwamba lililopo lipo, kisha huuliza la kufanya sasa. Mwaka 1801 Beethoven alikuwa anavumilia, na uvumilivu wake ulikuwa na sharti ndani yake: nitashika moyo hadi nipone.

Sharti hilo linaonekana wazi zaidi katika barua ya 16 Novemba 1801, ambayo ndiyo yenye maneno yake yanayonukuliwa kuliko yote, kwamba ataikamata hatima kooni. Wanaoyanukuu huyakata kutoka katika mazingira yake. Ukiisoma barua nzima, unamkuta mtu anayeuliza kuhusu tiba ya umeme iliyokuwa mpya wakati ule, anayesema kwamba kama angeondokewa na maradhi haya angeukumbatia ulimwengu, na kwamba apewe walau nusu ya nafuu. Ahadi ya kupambana na hatima inakuja bega kwa bega na maombi hayo ya nafuu. Huo ni ushujaa, sikatai, lakini umejengwa juu ya matumaini ya kupona, na ulivyojengwa ndivyo ungeporomoka matumaini hayo yakiondoka.

Yaliondoka mwaka uliofuata. Daktari wake, Johann Adam Schmidt, alimshauri aende mashambani ayapumzishe masikio, naye akakaa Heiligenstadt, wakati huo kijiji nje ya Vienna, kwa takriban miezi sita hadi Oktoba 1802. Mwanafunzi wake, Ferdinand Ries, alikuwa akimtembelea. Ries anasimulia matembezi fulani ambapo alimwonyesha mwalimu wake mchungaji aliyekuwa akipuliza filimbi kwa ustadi msituni. Beethoven alisikiliza kwa nusu saa na hakusikia chochote. Ries alimhakikishia kwamba hata yeye haisikii tena, jambo ambalo halikuwa kweli, lakini mwalimu alinyamaza na kuingiwa na huzuni nzito.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi, na kila mara kinachonishika ni uongo wa Ries. Ni uongo wa huruma ambao wengi wetu tumewahi kuusema kando ya kitanda cha mgonjwa au mbele ya mtu aliyefilisika. Lakini angalia ulifanya kazi gani: kijana alijua, mwalimu alijua, na kila mmoja sasa alilazimika kuigiza kana kwamba hajui. Siri ilikuwa imepata mlinzi wa pili, na Beethoven akabaki peke yake zaidi hata akiwa na mtu anayempenda ubavuni.

Katika wasia tukio la filimbi limo, pamoja na la mchungaji aliyekuwa akiimba. Anaandika kwamba mambo kama hayo yalimfikisha ukingoni, kwamba nusura ayakatishe maisha yake, na kwamba sanaa pekee ndiyo iliyomzuia, kwa kuwa aliona haiwezekani kuondoka duniani kabla hajayatoa yote aliyohisi ameitiwa kuyatoa. Sababu hii inastahili kutazamwa kwa makini. Hadai kwamba ameona maana ya mateso yake, wala kwamba mateso yatamfanya mtu bora. Anasema tu kwamba ana kazi ambayo haijaisha, na kazi hiyo haikuhitaji ajihisi mwema au mwenye furaha ili aifanye. Kiangazi hichohicho alikuwa akiishughulikia simfoni yake ya pili, muziki mchangamfu ambao msikilizaji asiyejua historia yake hawezi kubahatisha ulitungwa katika hali gani.

Sehemu kubwa ya wasia, hata hivyo, inajibu mashtaka. Unaanza kwa kuwahutubia watu wanaomdhania kuwa mkaidi na mchukia watu, na kuwaambia kwamba wanamkosea kwa kutojua sababu iliyofichika. Anaeleza kwamba haikuwezekana kwake kuwaambia watu waseme kwa sauti zaidi, wapige kelele, kwa kuwa yeye ni kiziwi; angewezaje kukiri udhaifu katika kiungo ambacho kwake kilipaswa kuwa kamili kuliko kwa wengine? Kisha anaagiza kwamba akifa, Profesa Schmidt aombwe kwa jina lake aueleze ugonjwa huo kwa maandishi, na maelezo yaambatanishwe na karatasi hii, ili walimwengu wapatane naye walau baada ya kifo chake.

Ombi hilo linaonyesha umbali aliokuwa amefika na ule uliobaki. Amekubali kwamba ukweli lazima ujulikane, lakini anataka ujulikane wakati yeye hayupo. Ni sawa na mtu anayelipa deni kwa hundi ya tarehe ya mbali. Nyongeza ya 10 Oktoba ina uzito wa aina nyingine: anasema kwamba tumaini alilokuja nalo Heiligenstadt, la kupona walau kwa kiasi, sasa limuache kabisa, limenyauka kama majani ya vuli yanavyopukutika. Wasomaji wengi huona nyongeza hii kuwa sehemu yenye giza kuliko zote, na wana haki, maana anayeiandika anaomba apewe walau siku moja ya furaha halisi. Mimi huona pia kwamba ndipo sharti lilipoondoka. Mwezi huo alirudi mjini akiwa hategemei tena kupona, na tarehe 5 Aprili 1803 akapanda jukwaani kuwasilisha simfoni ile ya pili pamoja na utunzi wa piano na okestra ambao piano yake aliipiga yeye mwenyewe.

Methali inasema subira yavuta heri. Subira ya Beethoven haikuvuta heri ile aliyokuwa akiingojea. Usikivu haukurudi, uliendelea kupungua hadi mwisho, na daktari aliyeuchunguza mwili wake baada ya kifo aliandika kwamba neva za masikio zilikuwa zimesinyaa. Anayemfariji mwenzake kwa methali hiyo angefaa kukumbuka kwamba kuna matatizo yasiyokuwa na upande wa pili wa kuvukia.

Badiliko kuhusu siri lilichukua miaka mingine minne. Mwaka 1806, alipokuwa akitunga muziki wa ala nne za nyuzi, aliandika kwa mkono katika karatasi ya rasimu kwamba uziwi wake usiwe siri tena, hata katika sanaa. Maneno hayo hayakuwa barua wala tangazo. Yako pembeni mwa kazi, kama mtu anayejikumbusha jambo huku kalamu ikiendelea. Ukilinganisha na machozi ya Heiligenstadt, ukavu wa sentensi hiyo unashangaza. Mwanzo wa kukubali kwake nauweka hapa, miaka minne baada ya wasia, na ninatambua kwamba wengi wangeuweka mwaka 1802.

Kilichofuata si hadithi ya ushindi. Kwanza aliacha kitu. Katika majira ya kuchipua ya 1814 alipiga piano katika muziki wake wa ala tatu, na mpiga fidla Louis Spohr, aliyehudhuria mazoezi, aliacha maelezo ya kusikitisha: palipotakiwa nguvu Beethoven alizigonga funguo hadi nyuzi zikatoa makelele, na palipotakiwa ulaini aligusa taratibu mno hata mafungu mazima ya noti yakapotea. Baada ya mwaka huo hakupiga tena kama mpiga piano wa hadhara. Kipaji kilichomtambulisha Vienna, kile ambacho maadui zake walimwonea wivu, alikiweka chini. Utunzi haukuhitaji masikio kwa namna ileile, kwa kuwa muziki aliusikia ndani, na huko uziwi haukufika. Kujua lipi kati ya mambo mawili limekwisha na lipi bado lipo ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, maana mtu aliye katika dhiki huyaona yote kuwa kitu kimoja.

Pili, alikubali vifaa. Fundi Johann Mälzel alimtengenezea pembe za shaba za kusikilizia, na baadhi zimehifadhiwa hadi leo katika nyumba alimozaliwa huko Bonn. Pembe hizo haziwezi kutumiwa kwa siri. Mtu anayeinamisha kichwa na kuweka bomba la shaba sikioni mbele ya wageni amekwisha kusema lile neno ambalo mwaka 1801 lilimshinda.

Ingekuwa rahisi kumfanya mfano wa kuigwa kuanzia hapa, lakini kumbukumbu haziruhusu. Ndugu yake Carl alipofariki mwaka 1815, Beethoven aliingia katika kesi ya malezi ya mpwa wake dhidi ya mama wa mtoto, akaiendesha kwa ukali hadi 1820, na akamlea kijana huyo kwa wivu na shuku hata mwaka 1826 kijana akajaribu kujiua. Aliyejifunza kukubali kwamba masikio yake hayatarudi hakujifunza kukubali kwamba mtoto ana mama. Somo la dhiki moja halihamii katika nyingine kama maji yanayofuata mkondo. Nalisema hili kwa sababu wanaoandika kuhusu mateso hupenda kudokeza kwamba mateso humsafisha mtu, na kisa hiki hakiwaungi mkono.

Tarehe 7 Mei 1824 simfoni yake ya tisa ilipigwa kwa mara ya kwanza. Beethoven alisimama jukwaani akionyesha mapigo, lakini wanamuziki walikuwa wameagizwa wamfuate Michael Umlauf. Makofi yalipolipuka yeye alikuwa bado amewapa mgongo watu, na mwimbaji kijana, Caroline Unger, akamgeuza ili ayaone mapigo ya mikono na vitambaa vilivyokuwa vikipungwa. Walioshuhudia wanatofautiana kama lilitokea mwishoni kabisa au baada ya sehemu mojawapo ya kati. Huwa inasimuliwa kama picha ya huzuni. Iweke kando ya filimbi ya msituni: Ries alidanganya ili mwalimu asijue kilichompita, na Unger alimshika akamwonyesha. Hakuna aliyelazimika kuigiza.

Kutoka miaka hiyo ya mwisho, kuanzia 1818, yamebaki zaidi ya madaftari 130 ya mazungumzo. Mgeni alipokuja kwake, alipewa daftari na penseli na kuandika alichotaka kusema. Beethoven alikisoma na kujibu kwa mdomo. Kwa hiyo leo tunasoma upande mmoja tu: swali kuhusu mpishi, habari za mjini, hesabu za matumizi, maoni kuhusu mwimbaji fulani, kisha nafasi ambapo jibu lilisemwa na kupotea hewani. Mtu aliyewaomba Wegeler na Amenda waifunge siri hiyo vifuani mwao, sasa alikuwa akimnyooshea penseli kila aliyeingia mlangoni.